Sura ya Tisa: Uzito, Urefu na Afya ya Mwili

Katika sura iliyotangulia ulijifunza makundi ya vyakula na kazi ya kila kundi mwilini. Katika sura hii utajifunza namna ya kutambua kama mwili unapata chakula cha kutosha, chakula pungufu, au chakula kilichozidi. Utatumia vipimo viwili, yaani uzito na urefu. Utajifunza pia kwamba kila kipimo kina mipaka yake. Mtu asiyeijua mipaka ya kipimo chake anaweza kumwona mgonjwa akadhani ni mzima, au kumwona mzima akadhani ni mgonjwa.

1. Mizani inatuambia nini?

Watu wa Mbugani, wilayani Kyela, wanaifahamu mizani vizuri. Wakati wa mavuno wakulima wa kakao hupeleka mazao yao kwenye ghala la chama cha ushirika. Gunia huwekwa juu ya mizani, kila mtu huitazama namba, na karani huiandika. Mkulima akipunjwa hata kilo mbili, hatanyamaza.

Lakini mnunuzi mwangalifu hatazami mizani peke yake. Huingiza mkono ndani ya gunia, akachota punje, akazibonyeza, akazinusa, na kupasua chache ili aone ndani yake. Kwa nini hufanya hivyo? Ni kwa sababu kakao isiyokauka vizuri ni nzito. Uzito wake umeongezwa na maji. Gunia la kakao yenye unyevu na gunia la kakao kavu yanaweza kuwa na uzito uleule, lakini kakao iliyomo haiko sawa. Mizani imesema kweli kuhusu kilo. Haikusema lolote kuhusu hali ya punje.

Mwili wa binadamu nao ni vivyo hivyo. Mwili una mifupa, misuli, mafuta, damu, maji na viungo vya ndani. Kwa kawaida zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji. Mtu anaposimama juu ya mizani, vitu hivi vyote hupimwa kwa pamoja. Mizani haituambii mafuta ni kiasi gani, wala misuli ni kiasi gani, wala maji ni kiasi gani.

Sasa fikiri juu ya jambo hili. Watu wazima wawili wamesimama juu ya mizani, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ana kilogramu 72. Wa pili naye ana kilogramu 72. Je, yupi kati yao ni mnene? Huwezi kujibu. Huna budi kwanza kujua urefu wao.

2. Namna ya kupima urefu na uzito

Kazi ya 1: Kupima urefu

Vifaa: utepe wa kupimia unaotumiwa na mafundi cherehani, chaki, rula, na ukuta ulionyooka.

Fanya hivi:
(a) Kwa kutumia utepe na chaki, chora mstari wima ukutani kuanzia sakafuni. Weka alama kila baada ya sentimeta 10, mpaka sentimeta 180.
(b) Mwambie mwenzako avue viatu na kofia. Asimame wima, visigino na mgongo viguse ukuta, macho yatazame mbele.
(c) Weka rula juu ya kichwa chake, ikiwa imelala sawasawa na kugusa ukuta. Weka alama ndogo ya chaki mahali rula ilipogusa ukuta.
(d) Pima kutoka sakafuni mpaka kwenye alama hiyo. Andika urefu huo kwa sentimeta.
(e) Rudia kipimo mara ya pili. Je, umepata jibu lile lile? Kama majibu yametofautiana kwa zaidi ya sentimeta moja, pima tena kwa uangalifu zaidi.

Kazi ya 2: Kupima uzito

Mwombe mwalimu wenu awapange siku ya kwenda zahanati, au siku ambayo mhudumu wa afya atakuja shuleni na mizani. Mizani iwekwe mahali pa tambarare. Kabla ya mtu kupanda, mshale uwe kwenye sifuri. Anayepimwa avue viatu, aweke chini mzigo wowote alio nao, na asimame bila kushika kitu.

Usitumie mizani ya kuning'iniza magunia kujipimia. Kamba ikikatika unaweza kuumia.

Angalia: Vipimo vya mtu ni mali yake. Usivitangaze wala usivifanyie mzaha. Mtu anayechekwa kwa sababu ya wembamba au unene wake huogopa kupimwa, na anayeogopa kupimwa huchelewa kupata msaada anapouhitaji.

3. Uwiano wa uzito na urefu

Tunahitaji njia ya kuviunganisha vipimo viwili ili vitoe jibu moja. Njia inayotumika katika zahanati na hospitali zetu huitwa uwiano wa uzito na urefu. Katika maandishi ya wahudumu wa afya utaiona ikiandikwa kwa herufi tatu, BMI. Kanuni yake ni rahisi:

Uwiano = uzito kwa kilogramu ÷ (urefu kwa meta × urefu kwa meta)

Kumbuka kwamba urefu huandikwa kwa meta, wala si kwa sentimeta. Sentimeta 150 ni meta 1.5. Sentimeta 180 ni meta 1.8.

Huenda ukauliza, "Kwa nini tunazidisha urefu kwa urefu?" Tazama watu wazima unaowafahamu. Mtu mrefu hakurefuka kwenda juu tu kama mlingoti wa bendera. Kwa kawaida mabega yake pia ni mapana zaidi, mifupa yake ni minene zaidi, na miguu yake ni mikubwa zaidi. Kwa hiyo uzito wa mtu huongezeka upesi kuliko urefu wake. Watu wengi walipopimwa, ilionekana kwamba uzito wa watu wazima huelekea kwenda pamoja na urefu uliozidishwa kwa urefu.

Sasa tuwarudie watu wetu wawili wenye kilogramu 72 kila mmoja.

Mfano wa 1. Mtu wa kwanza ana urefu wa meta 1.8.
1.8 × 1.8 = 3.24
72 ÷ 3.24 = 22.2
Uwiano wake ni 22.2.

Mfano wa 2. Mtu wa pili ana urefu wa meta 1.5.
1.5 × 1.5 = 2.25
72 ÷ 2.25 = 32
Uwiano wake ni 32.

Umeona? Mizani iliwapa namba moja, lakini miili yao haiko katika hali moja.

4. Maana ya namba hizo kwa watu wazima

Shirika la Afya Duniani limewapangia watu wazima makundi yafuatayo:

Chini ya 18.5: uzito pungufu
18.5 mpaka 24.9: uzito wa kawaida
25 mpaka 29.9: uzito uliozidi
30 na zaidi: unene uliopita kiasi

Kwa hiyo mtu wa Mfano wa 1 ana uzito wa kawaida kwa urefu wake. Mtu wa Mfano wa 2 ana unene uliopita kiasi.

Mtu mwenye uzito pungufu hana akiba ya kutosha mwilini. Huchoka upesi, na akishikwa na ugonjwa humchukua muda mrefu kupona. Mama mjamzito aliye katika hali hiyo anaweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Kwa upande mwingine, mtu mwenye unene uliopita kiasi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa kisukari, shinikizo la juu la damu, magonjwa ya moyo, na maumivu ya magoti.

Zamani watu wengi waliuona unene kuwa alama ya heri, na wembamba kuwa alama ya shida. Fikira hiyo ilikuwa na sababu zake, maana njaa ilijulikana kuliko shibe. Siku hizi hali zote mbili zimo katika nchi moja, na pengine katika nyumba moja. Utafiti wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, kiasi cha 10 walikuwa na uzito pungufu, na kiasi cha 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopita kiasi.

5. Kipimo hiki kilitoka wapi?

Katika nchi ya Ubelgiji alikuwapo mtaalamu wa hesabu na elimu ya nyota jina lake Adolphe Quetelet. Alizaliwa mwaka 1796, akafariki mwaka 1874. Quetelet hakuwa mganga. Alitaka kujua jinsi miili ya watu wengi inavyotofautiana. Mwaka 1832 alieleza kwamba uzito wa watu wazima huelekea kuongezeka kulingana na urefu uliozidishwa kwa urefu.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1972, mtaalamu wa Marekani aitwaye Ancel Keys pamoja na wenzake walizilinganisha kanuni mbalimbali za uzito na urefu. Walitumia vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano. Waliona kwamba kanuni ya Quetelet, ingawa haikukamilika, ilifaa kuliko nyingine rahisi walizozijaribu. Tangu hapo ikaenea duniani kote.

Soma tena aya hiyo. Waliopimwa walikuwa wanaume watu wazima. Hawakuwamo wanawake, wala watoto. Mwanasayansi hujiuliza daima: kipimo hiki kilitengenezwa kwa kuwapima akina nani? Je, kinawafaa wengine pia? Swali hilo linatupeleka kwenye sehemu inayokuhusu wewe.

6. Je, wewe mwanafunzi unaweza kutumia makundi hayo?

Hapana. Makundi uliyosoma katika sehemu ya 4 ni ya watu wazima tu. Ukiyatumia kwa mtoto wa miaka kumi utapata jibu la uongo. Watoto wengi wenye afya njema, walio na umri kama wako, wana uwiano ulio chini ya 18.5. Hiyo haimaanishi kwamba wana uzito pungufu.

Mwili wa mtoto unakua. Mifupa hurefuka, misuli huongezeka, na kiasi cha mafuta hubadilika kadiri umri unavyosogea. Mwili wa msichana na mwili wa mvulana havikui kwa mwendo mmoja. Wasichana wengi huanza kubalehe mapema kuliko wavulana, kwa hiyo katika darasa la tano au la sita si ajabu msichana kumzidi urefu mvulana wa umri wake. Hakuna aliye mgonjwa hapo. Kila mmoja anafuata saa ya mwili wake.

Kwa sababu hiyo mhudumu wa afya humpima mtoto kwa kumlinganisha na watoto wengine wa umri wake na wa jinsia yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali ya namna hiyo mwaka 2007 kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 19. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano kuna viwango vilivyotolewa mwaka 2006.

Jambo kubwa kwa mtoto ni mwendo wake kwa muda mrefu. Kipimo cha siku moja hakitoshi. Muulize mama au mlezi wako akuonyeshe kadi ya kliniki ya mdogo wako. Utaona mistari iliyopinda, na alama zilizowekwa kila mtoto alipopimwa. Alama zikiunganishwa zinatoa mstari wa mtoto huyo. Mstari unaopanda ni dalili njema. Mstari uliolala ni onyo. Mstari unaoshuka unataka msaada wa haraka.

Tazama mfano huu wa wanafunzi wawili waliopimwa mara mbili katika mwaka mmoja:

Mwanafunzi A: Januari sentimeta 132, kilogramu 28. Julai sentimeta 135, kilogramu 30.
Mwanafunzi B: Januari sentimeta 133, kilogramu 29. Julai sentimeta 133, kilogramu 27.

Mwezi Januari, mwanafunzi B alikuwa mrefu zaidi na mzito zaidi. Ukitazama kipimo hicho kimoja utasema kwamba yeye ndiye aliye katika hali bora. Lakini katika miezi sita A amekua, na B hakukua, tena amepungua kilogramu 2. B apimwe upya ili tuhakikishe kwamba hapakuwa na kosa la kupima. Kama vipimo ni sahihi, apelekwe zahanati. Huenda ana minyoo, au malaria za mara kwa mara, au ugonjwa mwingine, au nyumbani kwao chakula hakitoshi.

Mtoto akikosa chakula bora kwa muda mrefu, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, hubaki mfupi kuliko alivyopaswa kuwa. Hali hiyo huitwa udumavu. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na uwiano wa kawaida, kwa sababu urefu na uzito vyote vimepungua. Namba inaonekana nzuri, lakini mtoto amekwisha kupoteza kitu. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 wa Tanzania Bara na Zanzibar walio chini ya miaka mitano, kiasi cha 30 walikuwa wamedumaa.

7. Mahali ambapo namba hupotosha

Ulijifunza kwamba kakao yenye unyevu huidanganya mizani. Sasa tuone jinsi mwili unavyoweza kuidanganya vilevile.

(a) Misuli. Mpakiaji wa magunia ana urefu wa meta 1.7 na uzito wa kilogramu 78. 1.7 × 1.7 = 2.89, na 78 ÷ 2.89 = 27. Katika orodha yumo kwenye uzito uliozidi. Lakini kila siku hubeba magunia mabegani, na mwili wake una misuli mingi na mafuta machache. Misuli ni mizito kuliko mafuta yenye ukubwa uleule. Kwake namba 27 haina maana sawa na kwa mtu anayekaa kutwa nzima.

(b) Ujauzito. Mama mjamzito huongezeka uzito kwa sababu ya mtoto anayekua tumboni. Makundi ya sehemu ya 4 hayamhusu. Yeye hupimwa na kushauriwa kliniki.

(c) Kupungua kwa ghafla. Mvuvi mwenye urefu wa meta 1.7 alikuwa na kilogramu 65 mwezi Januari. Uwiano wake ulikuwa 22.5. Mwezi Aprili ana kilogramu 56, na uwiano wake ni 19.4. Namba zote mbili zimo katika uzito wa kawaida. Je, tuseme hana tatizo? La, hasha! Amepoteza kilogramu 9 katika miezi mitatu bila kukusudia. Kama anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, au anatoka jasho usiku, apimwe kifua kikuu. Kama ana kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, apimwe kisukari. Asingojee mpaka namba ishuke chini ya 18.5.

(d) Uvimbe wa maji. Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa watoto wadogo. Kuna aina ya utapiamlo mkali iitwayo unyafuzi, ambayo watu wengi huiita kwashakoo. Daktari Cicely Williams aliandika habari zake mwaka 1933, alipokuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo inaitwa Ghana. Jina lenyewe alilipata kwa watu wa huko, ambao waliuhusisha ugonjwa huo na mtoto mkubwa anayeugua pale mdogo wake anapozaliwa.

Mtoto mwenye unyafuzi huvimba miguu, na pengine mikono na uso. Mashavu yake hujaa, na wageni wanaweza kusema, "Mtoto huyu amenawiri." Ukimpima, uzito wake unaweza kuonekana si mbaya. Lakini kilichoongeza uzito ni maji, kama katika lile gunia lisilokauka. Chini ya uvimbe huo misuli imekwisha. Nywele hugeuka rangi na kung'oka kwa urahisi, ngozi hubanduka, na mtoto huwa mnyonge, hataki kucheza wala kula.

Mhudumu wa afya hutambua uvimbe huu hivi: hubonyeza kwa dole gumba juu ya mguu wa mtoto, taratibu, kwa muda wa sekunde tatu, kisha huachia. Kama panabaki kishimo, hubonyeza mguu wa pili. Vishimo vikibaki katika miguu yote miwili, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu huua, lakini mtoto akiwahishwa anaweza kupona.

Ukimwona mtoto mwenye dalili hizo nyumbani au kwa jirani, usikae kimya kwa kuwa wewe ni mdogo. Mwambie mama, baba, bibi au mwalimu wako.

8. Chakula chetu na uzito wetu

Ziwa Nyasa liko kiasi cha meta 475 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kyela ulio kando yake una joto, na mito kama Kiwira, Mbaka na Songwe huleta maji na udongo wenye rutuba. Kwa hiyo mpunga, ndizi, kakao na michikichi hustawi. Ziwani kuna usipa na mbasa. Ni nchi yenye chakula. Hata hivyo mtoto anaweza kukonda katika nchi yenye chakula.

Jambo hili hutokeaje? Mchele wa Kyela una sifa, na wachuuzi huufuata kutoka mbali. Usipa nao, ukianikwa ukakauka, husafirishwa. Familia ikiuza vyote, na fedha zikatumika kwa mambo mengine, mtoto hubaki na wali mtupu au ndizi tupu asubuhi na jioni. Tumbo limejaa, lakini mwili haukupata vifaa vya kujengea. Hasara hii haionekani kwenye daftari la karani wa ghala. Huonekana kwenye kadi ya kliniki.

Sahani bora huwa na mchanganyiko. Wali, ndizi, mihogo na viazi vitamu hutia nguvu. Usipa, mbasa, maharage, karanga, mayai na maziwa hujenga mwili. Usipa huliwa pamoja na mifupa yake, kwa hiyo huipatia mifupa yetu madini ya chokaa. Majani ya maboga, mchicha, kisamvu, mapapai na maembe huulinda mwili. Mawese mekundu yana vitamini A, na kijiko kidogo kinatosha kwenye mboga.

Kwa mtu mzima ambaye uzito wake umezidi, dawa si kujinyima chakula kabisa. Apunguze sukari, soda, na vyakula vilivyokaangwa kwa mafuta mengi. Aongeze mboga na matunda, na mwili wake ufanye kazi kila siku. Nawe mwanafunzi, usiache kula kwa sababu mwenzako amekuita mnene. Mwili unaokua ukinyimwa chakula hukosa urefu na nguvu.

9. Wanakijiji walipopima wenyewe

Mwaka 1973 nchi yetu iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ilifanyika kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai. Kisha mwaka 1983 ukaanzishwa mpango wa lishe katika Mkoa wa Iringa, kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto na Shirika la Afya Duniani. Wakati huo mkoa huo ulifika mpaka Ludewa, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa.

Mpango ulianza katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto wadogo walipimwa uzito katika kijiji chao wenyewe. Matokeo hayakufungiwa kabatini yakingoja wataalamu. Yalipelekwa mbele ya viongozi wa kijiji, na watu wakaulizana: Kwa nini mtoto huyu hakuongezeka? Je, mama yake hana nafasi ya kumlisha wakati wa kulima? Je, aliugua? Je, debe la mahindi limekwisha? Kisha wakaamua la kufanya, na baada ya miezi mitatu wakapima tena waone kama uamuzi wao ulisaidia. Katika vijiji hivyo idadi ya watoto wenye utapiamlo mkali ilipungua sana.

Mizani haikuwaponya watoto hao. Iliwafanya watu waulize, na kuuliza kukawafanya watende.

10. Mambo ya kukumbuka

(a) Uzito peke yake hautoshi kutuambia hali ya mwili. Tunahitaji pia urefu.
(b) Uwiano wa mtu mzima hupatikana kwa kugawa uzito wake kwa urefu uliozidishwa kwa urefu.
(c) Makundi ya watu wazima hayatumiki kwa watoto wala kwa wajawazito.
(d) Kwa mtoto, tunatazama kama anakua kati ya kipimo na kipimo.
(e) Namba inaweza kupotosha. Tazama pia mwili, nguvu, hamu ya kula, na mabadiliko ya ghafla.
(f) Uvimbe wa miguu yote miwili kwa mtoto mdogo ni dalili ya hatari.

Maswali na mazoezi

1. Mwalimu ana uzito wa kilogramu 45 na urefu wa meta 1.5. Tafuta uwiano wake. Yumo katika kundi gani?

2. Fundi seremala ana uzito wa kilogramu 81 na urefu wa meta 1.8. Tafuta uwiano wake. Kabla ya kumshauri lolote, ungependa kujua mambo gani mengine kumhusu?

3. Mkulima ana uzito wa kilogramu 44.8 na urefu wa meta 1.6. Tafuta uwiano wake. Taja sababu mbili zinazoweza kumfanya mtu awe katika hali hiyo.

4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi gunia la kakao yenye unyevu linavyofanana na mtoto mwenye unyafuzi.

5. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa na kilogramu 12 mwezi Machi, 12 mwezi Aprili, na 12 mwezi Mei. Chora mstari wake. Mama yake anasema, "Hakupungua, kwa hiyo ni mzima." Utamjibu nini kwa heshima?

6. Kwa muda wa siku tatu andika vyakula vyote unavyokula. Vipange katika makundi. Ni kundi gani linalokosekana? Je, chakula cha kundi hilo kinapatikana karibu na kwenu? Kama kinapatikana, kwa nini hakikufika kwenye sahani yako? Jadili jibu lako na wazazi au walezi wako.

7. Darasa lenu lipime urefu wa kila mwanafunzi mwezi huu. Kila mmoja aandike kipimo chake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la sayansi, pamoja na tarehe. Pimeni tena baada ya miezi sita. Usitafute nani ni mrefu kuliko nani. Tafuta umekua kwa sentimeta ngapi wewe mwenyewe.